Kwa Nini Nilikataa Kuku wa Matogoro

Siku mliponiaga pale mahakamani mliniomba niseme machache, nikasema machache kweli, maana soda zilikuwa zinapata moto na hotuba za wakubwa zilikuwa zimeshamaliza subira ya watu. Baadaye mmoja wenu alinivuta pembeni akaniuliza kwa nini nusu ya mji huu wananiita Bwana Sikai. Nilimjibu kwamba habari yenyewe ni ndefu. Sasa nimestaafu, mahindi yangu nimeshayapalilia, na mke wangu amechoka kuniona nimekaa barazani nikihesabu kuku wa jirani. Nina nafasi ya kuieleza.

Habari za vyeo sitazisema. Nilianza nikiwa mpeleka hati za mahakama na nikamaliza nikiwa mpeleka hati za mahakama, na mshahara wenyewe mnaujua kwa sababu bado ndio huohuo mnaoulalamikia ninyi. Nitasema juu ya kazi.

Aliyenifundisha ni Mzee Zuberi, Myao wa Tunduru, nyumbani kwao si mbali na Mbesa. Alikuwa mtu wa swala tano, mpole, na alipenda baiskeli yake kiasi kwamba kwenye mlima alishuka akaisukuma, akisema nayo inachoka. Asubuhi ya kwanza alinikabidhi vifaa: mfuko wa turubai, pedi ya wino kwa wasiojua kutia sahihi, kipande cha nailoni cha kufunikia karatasi masika, na kopo la gundi aliyoipika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Gundi ilikuwa ya kubandikia wito mlangoni pale mahakama inaporuhusu, baada ya mwenye nyumba kushindikana kupatikana. Wengine walitumia misumari, lakini Mzee Zuberi alisema si adabu kumtoboa mtu mlango juu ya kumshitaki. Ubaya wa gundi ya muhogo ni kwamba mbuzi wanaipenda. Kule Tunduru mbuzi mmoja alikula wito mzima pamoja na muhuri, na tukalazimika kwenda kuapa mbele ya hakimu kwamba ulibandikwa kihalali ukaliwa baadaye.

Wito wangu wa kwanza ulikuwa wa mtu wa Msamala aliyeuza mafuta ya taa mlangoni kwake. Mzee Zuberi alimsalimu, akamuuliza kama yeye ndiye fulani. Yule bwana akasema fulani amehamia Mbinga. Papo hapo mke wake akamwita kutoka uani, kwa jina lilelile tuliloandikiwa, akimwambia maji ya kuoga yako tayari. Mzee Zuberi hakucheka hata kidogo.

"Nenda kaoge, ndugu yangu," alimwambia. "Sisi tutangoja hapa. Wito hauchachi."

Yule bwana alioga, akarudi, akatia sahihi. Siku hiyo nilijifunza kwamba watu wengi wanaamini kesi inaingia mwilini kupitia mkono unaopokea karatasi, na wakiuficha mkono basi wamepona. Hawaponi. Karatasi ikibandikwa mlangoni kwa amri ya mahakama, umeipokea, hata kama ulikuwa umejificha darini.

Miaka ile ya mwanzo hati zetu zilikuwa za ugomvi wa mashamba, ndoa, na ng'ombe walioingia bustanini. Kisha ikaja soko huria. Ghafla kila mtu alikuwa mfanyabiashara. Mahindi ambayo tuliyazoea kuyapeleka kwenye ushirika yakaanza kununuliwa na watu wa malori waliokuja wakaondoka bila kuaga, na mbolea ikapanda bei mpaka wakulima wakawa wanaitazama dukani wakarudi nyumbani. Mwenye nyumba yenye hati akaambiwa hati ile si karatasi ya kuweka sandukuni, ni mtaji. Watu wakaweka nyumba rehani ili wanunue pikapu, wafungue duka la vifaa, walete mashine za kusaga. Wengine walifanikiwa, na leo ndio wenye maghorofa. Wengine nikawapelekea wito.

Nieleze hapa kitu ambacho hata ninyi wengine mnakichanganya. Kesi ya rehani si kama kesi nyingine. Ukishitakiwa kwa shamba, unaandika majibu yako unayawasilisha. Ukishitakiwa na benki inayotaka kuuza nyumba uliyoiweka rehani, huna haki ya kuanza kujitetea hivihivi. Kwanza unaiomba mahakama ruhusa ya kujitetea, kwa maandishi na kwa kiapo, ukionyesha una hoja gani, na siku za kufanya hivyo zimeandikwa kwenye wito wenyewe. Zikipita umekaa kimya, benki inapewa hukumu bila wewe kufungua mdomo. Mzee Zuberi alikuwa akisema kesi ile ina mlango, na asiyebisha hodi haingii, hata awe na maneno matamu namna gani. Niliona watu wazima wamevaa suti ya harusi yao, wamekuja na wazee wa ukoo, wamejipanga kuongea, wakaambiwa na karani kwamba hawana nafasi ya kusema kwa sababu hawakuiomba. Walirudi nyumbani na suti zao.

Sasa nakuja kwa Mzee Kasimiri.

Alikaa Matogoro, upande ule ambako mashamba yanaanza kupanda kuelekea msituni. Alikuwa mtunza stoo wa shule ya misheni kabla ya kustaafu, mtu safi, shati lake limefungwa kifungo mpaka cha juu. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati, na matofali yale alifyatua na mkewe, Mama Generoza, kwa mikono yao. Mama alikuwa na kawaida ya kumwonyesha mgeni tofali moja karibu na dirisha lenye alama ya kiganja chake. Hati ya nyumba aliiweka rehani Mzee Kasimiri ili anunue mashine ya kusaga, na kwa muda ilisaga vizuri. Kisha mashine za namna hiyo zikawa nyingi Matogoro kuliko mahindi ya kusagwa, dizeli ikapanda, na rejesho likakwama.

Nilipofika na wito nilibisha hodi, nikaamkia shikamoo, nikawekewa kigoda. Nikamsomea Mzee karatasi. Ilikuwa ya Kiingereza, nikaifasiri polepole: benki inaomba nyumba iuzwe ilipwe deni; kama una la kusema uombe kwanza ruhusa ya kujitetea, kwa maandishi, kabla siku hizi hazijapita; ukiweza mwone wakili. Ushauri haukuwa kazi yangu, lakini kueleza kilichoandikwa kulikuwa kazi yangu, na nilieleza.

Mama Generoza alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele.

"Nyumba ipi inauzwa?" aliuliza.

Mzee Kasimiri alitazama viatu vyake.

"Baba Alana, nakuuliza. Nyumba ipi?"

"Hii," Mzee akasema. "Niliiweka dhamana ya mashine. Sikutaka kukusumbua."

Mama hakupiga kelele. Aliingia ndani, na mimi nikajua sasa nitasikia vyombo vikivunjika. Badala yake alirudi baada ya muda na ugali, maharage, na dagaa wa Nyasa, akaniwekea mbele na maji ya kunawa. Macho yake yalikuwa mekundu. Kwetu mgeni aliyekuja na jambo zito halishwi kidogo. Nikala. Enzi hizo mpeleka hati aliyekataa chakula alionekana mwenye kiburi, na Mzee Zuberi mwenyewe alikula popote palipokuwa na chakula halali.

Nilipomaliza, Mzee Kasimiri alikaa sawasawa, akasafisha koo.

"Sasa mwanangu Longino, utawapelekea neno letu. Waambie tumesikia. Deni hatulikatai. Lakini nyumba hii tumeijenga wawili, na mama yako hapa hakuulizwa, kosa hilo ni langu. Waambie mashine waje waichukue, na kilichobaki watuvumilie mpaka mavuno. Tunawaomba kwa heshima."

"Baba," nikamwambia, "mimi sibebi majibu. Majibu yanakwenda mahakamani kwa maandishi."

Walitazamana, na kwa mara ya kwanza siku ile wakacheka wote wawili.

"Ndivyo wanavyosema wote," Mama alisema. "Mshenga aliyekuja kunichumbia kwetu Peramiho alisema anapita tu kuomba maji."

"Mama, mimi si mshenga. Nasema kweli. Nendeni mahakamani."

"Tumesikia, baba, tumesikia," alisema, akanifungia karanga kwenye gazeti nikale njiani.

Mtanielewa ninyi mliokulia huku. Kwetu anayetumwa na upande mmoja hurudi na neno la upande wa pili. Kwa adabu anajifanya hajui kitu, hana kitu, anapita tu. Wenyeji wanamlisha, wanamwambia neno, na akishaondoka wao wanatulia, kwa sababu sasa wamejibu na zamu ni ya wale wengine. Mimi niliwaambia kweli mara mbili, na kweli yangu ilifanana kabisa na uongo wa heshima wa mshenga. Sikuwa na namna nyingine ya kuisema, na sijilaumu kwa hilo.

Basi wakatulia. Walipalilia, walikwenda misa, walimngojea mtu wa benki aje na jibu la jibu lao. Siku zikapita. Hukumu ikatolewa, na dalali wa mahakama akabandika tangazo la mnada kwenye ule mlango.

Mzee Kasimiri alikuja mjini asubuhi iliyofuata. Mimi nilikuwa masjala, napanga hati za siku. Aliingia na kofia mkononi, akawaamkia makarani wote mmoja mmoja, kisha akanigeukia.

"Longino. Ulikula kwangu?"

"Nilikula, baba."

"Ulishiba?"

"Nilishiba."

"Neno langu ulilifikisha kwa nani?"

Makarani wawili waliangua kicheko. Mimi sikuweza. Uso wa yule mzee haukuwa na hasira hata kidogo, ulikuwa na mshangao tu, kama wa mtu aliyekopesha jembe kwa ndugu yake akaambiwa jembe halikuwahi kuwepo. Niliona vibaya.

Mzee Zuberi aliweka kando miwani yake. "Stahamili, mzee mwenzangu," alimwambia. "Mnada bado haujapigwa. Mpaka nyundo igonge, kuna la kufanya, inshallah." Akavaa viatu, akamshika mkono, akavuka naye barabara mpaka kwa wakili Editha, na mimi nikawafuata.

Wakili Editha alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na ofisi yake ilinuka wino na chai ya tangawizi. Alimsikiliza Mzee mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akaeleza, na nawaandikia kama alivyoeleza kwa sababu sijasikia mtu akieleza vizuri zaidi.

"Mzee, ungekuja mapema ungekuwa na njia kadhaa. Ungeweza kuzungumza na benki, mkikubaliana makubaliano yanaandikwa mahakamani yanakuwa amri. Ungeweza kutafuta mnunuzi wako mwenyewe kwa idhini ya benki, maana anayeuza kwa hiari hupata bei nzuri kuliko ya mnada. Ungeweza kuomba ruhusa ya kujitetea, kama hesabu ya deni si sahihi au rehani yenyewe ina kasoro. Sasa hukumu imeshatoka. Kilichobaki ni kuiomba mahakama isimamishe mnada kwanza, halafu iiondoe hukumu na kukuruhusu ujitetee. Mahakama haifanyi hivyo kwa huruma. Itataka vitu viwili: kwa nini ulinyamaza, na ukiruhusiwa utasema nini cha maana."

"Sikunyamaza," alisema Mzee Kasimiri. "Nilimwambia huyu."

Wakili alinitazama, akamtazama tena yeye. "Na la maana unalo?"

Mzee akaigeuza kofia mikononi. La maana alilijua, na sote tulilijua. Sheria ya ndoa haimruhusu mume kuiweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe, na mkewe hakuulizwa. Lakini ili hoja ile isimame, Mama Generoza alipaswa kuapa mbele ya watu kwamba mumewe, mtunza stoo aliyeaminiwa na mapadre kwa funguo zote, alimficha. Na yeye mwenyewe alipaswa kukiri.

"Hakuna njia nyingine?" aliuliza.

"Ipo ya kuuza," alisema wakili.

Mzee Kasimiri alifungua kile kifungo cha juu cha shati. Sikuwahi kumwona akikifungua. "Andika kwamba nilimficha," alisema.

Siku ya maombi yale mahakama ilijaa, maana habari ya mzee aliyejibu kesi kwa mdomo wa mpeleka hati ilikuwa imeshafika sokoni. Hakimu alikuwa mtu wa kanda ya ziwa, mgeni kwetu. Wakili wa benki aliniita kizimbani, akiamini nitamsaidia.

"Ulimwambia mdaiwa kwamba hubebi majibu?"

"Nilimwambia mara mbili."

"Naye akafanya nini?"

"Alicheka."

Wakili wa benki akageuka kwa hakimu, ameridhika. Lakini hakimu aliweka kalamu chini.

"Alicheka kwa dharau?"

"Hapana, mheshimiwa. Alicheka kwa adabu."

Nikaeleza habari ya mshenga, na yale maneno yao niliyoambiwa nikayasema yote kama yalivyosemwa, la mashine, la mavuno, na la mama kutokuulizwa. Hakimu akamwita Mama Generoza, akamuuliza kwa upole kama kweli aliamini kwamba mtumishi wa mahakama anaweza kumpelekea majibu.

"Mheshimiwa," alisema Mama, "alikula. Sisi hatumlishi mtu ili aondoke mikono mitupu."

Watu walicheka, na hakimu akawaacha wacheke. Baada ya juma moja alitoa uamuzi. Alisema wazee wale hawakuidharau mahakama, walijibu kwa njia waliyoijua wao, na kwamba hoja ya ridhaa ya mke ni nzito na inastahili kusikilizwa. Mnada ukasimamishwa, hukumu ikaondolewa, ruhusa ya kujitetea ikatolewa. Wakili Editha akanipa mkono mbele ya watu. Nilitembea barabarani kama bwana harusi.

Furaha ile haikudumu. Benki ilirekebisha madai yake, ikamwongeza Mama Generoza kuwa mdaiwa wa pili, na kwa sababu hiyo mahakama ikatoa wito mpya wa kupelekwa kwake, wenye siku zake mpya za kuwasilisha utetezi kwa maandishi. Wito ukaingia kwenye mfuko wangu. Nilipokuwa naufungia baiskelini, Mzee Zuberi alinisimamisha.

"Umefikiri watakupokeaje?"

"Vizuri sana. Wanaona nimewaokoa."

"Ndiyo tatizo," alisema. "Walikupa neno, ukalisema mbele ya hakimu, hakimu akalisikia, nyumba ikapona. Sasa wewe ndiye mshenga hasa. Leo watakuchinjia, watakupa neno jingine, na watalala usingizi. Na safari hii hakimu hatacheka. Alishawafundisha mara moja."

Nilisimama pale na kamba mkononi. Alikuwa anasema kweli. Nilimwuliza nifanye nini, akasema hajui, yeye ni mtu wa kula. Njia nzima mpaka Matogoro nilifikiri. Kuwaeleza niliwaeleza mara ya kwanza, tena kwa Kiswahili safi. Neno la adabu lisingefaa kitu, kwa kuwa adabu ndiyo iliyotufikisha pale.

Niliwakuta wamejiandaa. Sijui nani aliwaambia. Kigoda kimefutwa, kitambaa kimetandikwa, na Mama Generoza ameshika jogoo mwekundu kwa mabawa.

"Karibu mwanangu, karibu kitini!"

Sikuvua kofia. Sikuamkia. Mimi niliyelelewa kumwamkia hata mlevi akiwa amenizidi umri, nilisimama katikati ya uwanja wao kama mkusanya kodi.

"Mama, weka sahihi hapa."

"Kaa kwanza, baba. Jua kali."

"Sikai."

"Utakula basi, halafu..."

"Chakula chako sikitaki. Maji yako siyataki. Na neno lako usiniambie, sitalipeleka popote. Una la kusema, nenda ukaliandike mahakamani."

Yule jogoo alimponyoka akakimbilia kwenye migomba. Mama aliweka sahihi. Mzee Kasimiri aliinuka kwenye kiti chake taratibu.

"Wewe ni mtoto wa nani?" aliniuliza. "Aliyekuzaa yuko hai? Anajua unavyoongea na watu?"

"Siku zimeandikwa hapo," nikasema, nikageuka bila kuaga. Nyuma yangu nilimsikia Mama akisema, "Amepatwa na nini huyu?" na sauti yake ilikuwa ya kulia. Nilikanyaga pedali mpaka nikapotea machoni pao, kisha nikashuka nikakaa kwenye kalvati. Nilikuwa na aibu kiasi kwamba nilitamani kurudi kuomba radhi. Sikurudi. Ningerudi ningewekewa kigoda.

Kesho yake, masjala ilikuwa bado haijafunguliwa dirisha, Mzee Kasimiri alikuwa pale amevaa koti, na Mama Generoza pembeni yake. Hawakuja kwa ajili ya kesi. Walikuja kunishitaki. Mzee alimweleza karani mkuu kila nilichokifanya, la kofia, la kutoamkia, la kukataa chakula cha mama mtu mzima, na akataka niitwe niulizwe. Karani mkuu alimwambia malalamiko huandikwa.

"Kila kitu hapa huandikwa?" Mama Generoza aliuliza.

"Kila kitu, mama."

"Na hili la nyumba, huandikwa dirisha hilihili?"

Nilikuwa nimejibanza nyuma ya kabati la majalada, nikasikia Mzee Zuberi akikohoa.

"Hilihili, shemeji," alisema. "Mvuke tu barabara, wakili wenu ameshafungua."

Wakavuka. Hasira iliyowaleta mjini iliwapeleka mpaka kwa wakili, na utetezi wa Mama ukawasilishwa siku zikiwa bado zipo. Malalamiko dhidi yangu nayo yaliwasilishwa siku hiyohiyo, na nikaitwa nikaonywa. Nilikubali onyo lile bila kujieleza.

Tangu hapo, nikiwa na hati ya rehani, sikukaa kwa mtu. Msamala, Matogoro, mpaka Tunduru, nilisimama juani na kofia kichwani, nikasema nilichotumwa, nikaondoka. Nilitukanwa kwa Kingoni, Kimatengo na Kiyao, na Mzee Zuberi akawa ananifasiria matusi ya Kiyao kwa furaha kubwa. Nilichokiona ni kwamba mtu aliyeudhiwa hatulii nyumbani. Anavaa viatu anakuja mjini kumtafuta mwenye kosa, na akishafika mjini dirisha liko palepale. Sisemi mfanye kama mimi. Siku hizi watu wana simu na wanaulizana. Lakini mkiona mwenye nyumba amewakarimu mno, muwe na wasiwasi.

Kesi yenyewe haikufika hukumu. Benki iliona hoja ya mke itaichelewesha sana na pengine itaiangusha, ikakubali kukaa mezani. Mashine ilichukuliwa ikauzwa, kilichobaki kikapangiwa mavuno hadi mavuno, na makubaliano yakasomwa mbele ya hakimu yakawa amri ya mahakama. Nyumba ikabaki ya wenyewe, wote wawili, na safari hii Mama Generoza alitia sahihi kwanza.

Nilikuwa ukumbini siku hiyo, nimeegemea ukuta. Mlango ulifunguliwa, Mzee Kasimiri akatoka, kifungo cha juu kimefungwa. Alimpa mkono wakili Editha. Alimpa mkono Mzee Zuberi, wakakumbatiana. Alimfuata wakili wa benki, mtu aliyetaka nyumba yake iuzwe, akampa mkono na kumuulizia hali ya watoto wake. Alimsalimu askari wa mlangoni na mama wa kufagia. Kisha akapita mbele yangu, karibu kiasi cha kugusana mabega, akitazama mbele, kana kwamba pale ukutani hapakuwa na mtu. Mama Generoza akapita naye vilevile.

Niliwatazama wakishuka ngazi, wakafungua mwavuli mmoja, wakashika njia ya Matogoro, kwao. Sikuwa nimesalimiwa, sikuwa nimekula tangu asubuhi, na katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kufurahi kama nilivyofurahi pale.